Sura ya Tano: Farasi wa Mtoni

Wagiriki wa kale walipomwona kiboko katika mto Nile, walimwita farasi. Usicheke bado. Kwao hakukuwa na kiboko, na mgeni akikutana na mnyama asiye na jina hushika jina la mnyama anayemjua akambandika. "Hippos" kwa Kigiriki ni farasi, "potamos" ni mto, basi mnyama akawa "hippopotamus", farasi wa mtoni. Herodotus, mwandishi wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika habari za Misri akadai kwamba kiboko ana singa shingoni kama farasi, ana mkia wa farasi, na hata sauti yake ni ya farasi. Sasa cheka. Mtoto yeyote anayeishi kando ya Rufiji angemsahihisha. Mimi nadhani Herodotus alisimuliwa na mtu, na mtu huyo naye alikuwa amesimuliwa na jina.

Waingereza walilichukua neno hilo zima zima. Leo mtoto wa Kiingereza akipewa imla ya "hippopotamus" hutoka jasho, maana kwake ni silabi tano zilizofuatana bila sababu. Wewe umeshapata vipande viwili, navyo vitakufikisha mbali kuliko kwa kiboko. Katika kitabu cha historia utakutana na Mesopotamia, nchi ya kale iliyokuwa mahali ilipo Iraki ya leo. Nusu yake unaijua: potamos tena. "Mesos" ni katikati. Ni nchi iliyo katikati ya mito, na mito yenyewe ni Tigris na Euphrates. Kama darasani kwenu yumo Filipo, mwambie jina lake lina mnyama ndani. "Philos" ni mwenye kupenda, hippos unamjua, basi Filipo ni mpenda farasi, hata kama hajawahi kumgusa.

Kisu kipite wapi

Kazi ya sura hii ni hiyo: kuchukua neno refu la Kiingereza na kulikata. Kabla hujaogopa, jua kwamba wewe unayesema Kiswahili una mkono mwepesi katika kazi hii kuliko mtoto wa London. Tazama "hawatatuandikia". Ni neno moja, lakini ndani yake mna sentensi nzima: ha- inakanusha, -wa- ni wao, -ta- ni wakati ujao, -tu- ni sisi, -andik- ndio mzizi, -i- inaonyesha kwamba jambo linafanywa kwa ajili ya mtu, na -a inafunga. Umekuwa ukikata maneno ya namna hiyo tangu ulipoanza kusema, na hakuna aliyekukalisha chini kukufundisha. Mwingereza hana mazoea hayo. Maneno yake mengi ya kila siku ni mafupi na hayakatiki: "dog", "house", "go". Akikutana na neno refu la Kigiriki huliona ukuta. Wewe lione kama muwa. Muwa una mafundo, na muuza miwa anajua kisu kipite wapi.

Utauliza: Kigiriki kimefikaje Uingereza, ilhali Wagiriki hawakuwahi kuitawala? Kilifika kwa njia mbili, na ya kwanza ni ndefu. Warumi waliiteka Ugiriki kwa upanga, kisha wakawapeleka watoto wao kwa walimu wa Kigiriki. Maneno ya elimu, muziki na tiba yakaingia katika Kilatini, lugha ya Warumi. Kilatini kikazaa Kifaransa. Mwaka 1066 jeshi kutoka Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, likaivamia Uingereza, na mabwana wapya wakaja na maneno yao.

Njia ya pili ni fupi, na kwangu ndiyo tamu zaidi. Wataalamu wa Ulaya walipoanza kuvumbua vitu ambavyo havijawahi kuwa na jina, hasa katika miaka ya 1700 na 1800, hawakutaka kuviita kwa lugha ya jirani, maana majirani waligombana kila mara. Waliyaendea maneno ya Wagiriki waliokufa zamani, wakachukua vipande na kuviunga upya. Kwa hiyo maneno mengi ya "Kigiriki" utakayoyakuta katika kitabu cha sayansi hayakuwahi kutamkwa na Mgiriki wa kale hata mmoja. Aristotle angefufuka leo ukamwambia "telephone", angetambua vipande vyote viwili na asijue unasema nini.

Mwaka 1816 daktari mmoja wa Paris, René Laennec, aliletewa mwanamke kijana mgonjwa wa moyo. Desturi ya madaktari wakati huo ilikuwa kuweka sikio juu ya kifua cha mgonjwa. Laennec aliona haya. Akachukua karatasi, akaizungusha iwe mrija, ncha moja akaiweka kifuani mwa mgonjwa na nyingine sikioni mwake, na mapigo ya moyo yakaja kwa nguvu kuliko alivyowahi kuyasikia. Baadaye akautengeneza mrija wa mti. Kifaa kilihitaji jina, na Laennec akaunga "stethos", yaani kifua, na "skopein", yaani kutazama. Ndiyo "stethoscope" inayoning'inia shingoni mwa daktari mpaka leo. Ukifikiri vizuri, ni jina la ajabu kidogo: chombo cha kusikilizia kimeitwa cha kutazamia. Laennec alijitetea kwa kazi, kwani aliweza kueleza yaliyo ndani ya kifua bila kukipasua.

Kipande cha skopein kimetembea sana. Ukikiunga na "mikros", kidogo, unapata "microscope", darubini ya kutazamia vijidudu. Ukikiunga na "tele", mbali, unapata "telescope", ya kutazamia nyota. Hiyo tele nayo ishike vizuri, kwa sababu haina ugumu wowote: kila ilipo, kuna jambo linalofanyika kwa mbali. "Phone" ni sauti, basi "telephone" ni sauti ya mbali. "Graphein" ni kuandika, basi "telegraph" ni kuandika kwa mbali, na ya kwanza kuitwa hivyo, ya Claude Chappe wa Ufaransa katika miaka ya 1790, haikuwa na umeme wala waya. Ilikuwa safu ya minara yenye mikono mirefu ya mbao. Mmoja akiinamisha mikono yake, mwenzake wa kilima cha pili anaiga, na habari inakimbia kutoka mji hadi mji.

Televisheni ina kasoro. Tele ni ya Kigiriki, lakini nusu ya pili ni ya Kilatini, yenye maana ya kuona. Constantin Perskyi, Mrusi, alilitumia neno hilo mwaka 1900 katika mkutano wa umeme mjini Paris, na wapo wasomi waliochukia kuona lugha mbili zimefungwa nira moja. Mimi sioni ubaya. Baisikeli yako nayo ni chotara wa aina hiyo hiyo: "bi" ni mbili kwa Kilatini, "kyklos" ni gurudumu au duara kwa Kigiriki, na inakwenda vizuri tu.

Graphein inastahili mistari michache zaidi. "Ge" ni dunia, na jiografia ni kuiandika dunia. Neno hilo linahusishwa na Eratosthenes, msimamizi wa maktaba ya Alexandria huko Misri, aliyezaliwa Cyrene katika Libya ya leo. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita alikadiria mzunguko wa dunia kwa kulinganisha vivuli vya adhuhuri katika miji miwili, Alexandria na Syene, ambayo leo ni Aswan. "Phos" ni mwanga, na "photography" ni kuandika kwa mwanga. Aliyelieneza neno hilo mwaka 1839 ni John Herschel, Mwingereza mwenye kupenda nyota na kemia. Kumbe kila picha ya simu ni maandishi.

Na asubuhi, chai ikimiminwa kutoka kwenye themosi, hapo pia umekunywa Kigiriki: "thermos" ni moto, kama chai ilivyo moto. "Metron" ni kipimo. "Thermometer" kata mwenyewe.

Paa wawili na kaa wawili

Kwa nini Kiingereza kinaandika "phone" na si "fone"? Na kwa nini "school" ina ch isiyosomeka kama ch ya chai?

Jibu limejificha pwani yetu. Mtafute mtu wa Mombasa au Lamu anayesema Kiswahili cha kwao. Mwombe atamke paa, la nyumba, halafu paa, yule mnyama, na kiganja chake akiweke mbele ya mdomo. Paa la nyumba hutoka kavu. Paa mnyama hutoka na pumzi inayogonga kiganja. Mwombe tena aseme kaa la moto, kisha kaa wa baharini. Mambo ni yale yale: kaa wa baharini ana pumzi. Tahajia yetu sanifu haionyeshi tofauti hiyo, ingawa wako waandishi wa pwani wanaoandika p'aa na k'aa.

Wagiriki wa kale walikuwa na sauti hizo hizo, nao walizipa herufi zake. P yenye pumzi ilikuwa φ, k yenye pumzi ilikuwa χ, na t yenye pumzi ilikuwa θ. Warumi hawakuwa na herufi za namna hiyo, kwa hiyo waliandika p wakaongeza h ya pumzi: ph. Vivyo hivyo wakapata ch na th. Karne zikapita, Wagiriki wakaacha kusema p yenye pumzi wakaanza kusema f, lakini maandishi ya Kirumi yakabaki yalivyo. Mtoto wa Kiingereza anayelia na tahajia ya "photograph" analilia pumzi ya watu waliokufa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Faida kwako ni kwamba makosa hayo yamegeuka alama za njiani. Ukiona ph, au ch inayosomeka k kama katika "chorus", "stomach", "echo" na "character", au rh mwanzoni mwa neno, bashiri Kigiriki, na mara nyingi utapatia. Ukiona p bubu mwanzoni, kama katika "psychology" na "pneumonia", bashiri hivyo hivyo. Wagiriki waliitamka hiyo p. Waingereza ndio walioona taabu, na Kiswahili kilipoyapokea maneno yale kikaandika kile kinachosikika: saikolojia, nimonia. Hapo nawasifu wazee wa Kiswahili.

Sasa angalia mtego. "Helicopter" ungeikata wapi? Karibu kila mtu duniani hupitisha kisu baada ya heli, na Waingereza wenyewe wamefanya hivyo mpaka uwanja wa helikopta wakauita "heliport". Wamekata nyama. Fundo liko baada ya helico: "helix" ni kitu kinachozunguka kwa kupanda, kama nyuzi za parafujo, na "pteron" ni bawa. Helikopta ni bawa la kuzunguka. Kipande hicho cha pteron utakikuta pia kwa "pterodactyl", mnyama wa kale aliyeruka. "Daktylos" ni kidole, na bawa lake kweli lilishikiliwa na kidole kimoja kirefu kupita kiasi.

Mtego mwingine ni ped. Katika "pedal" na "pedestrian" ni mguu, nayo ni Kilatini. Katika "paediatrician" ni mtoto, kutoka "pais" ya Kigiriki, na ile a ya kwanza, ambayo Wamarekani wameitupa, ndiyo inayokuonya. Ni daktari wa watoto. Ukimpelekea goti la babu atakuelekeza chumba cha pili.

Neno la kuudhi kuliko yote

Wagiriki walikuwa na neno "schole". Maana yake ni wasaa, muda wa mapumziko, saa ambazo mtu hana kazi ya kufanya. Sasa kaa vizuri, kwa sababu neno hilo ndilo lililozaa "school".

Ilikuwaje? Wagiriki wenye mali walikuwa na watumwa wa kuwalimia na kuwapikia, basi waliobaki na wasaa waliutumia kukaa na kujadiliana: nyota zimetengenezwa kwa nini, haki ni kitu gani, kwa nini bahari ina chumvi. Mazungumzo ya wasaa yakaitwa schole. Kisha mahali pa mazungumzo pakaitwa hivyo hivyo. Warumi wakasema "schola", na kutoka hapo neno likaingia karibu kila nyumba ya Ulaya. Wasichana, watumwa na wachunga mbuzi hawakuwa na wasaa huo, jambo ambalo vitabu vingi vya kuwasifu Wagiriki hulipita mbio.

Kwetu neno hilo limeingia mara mbili kwa milango miwili. Wajerumani walipoitawala Tanganyika walikuja na "Schule", na sisi tukapata shule. Zanzibar, walikokuwa Waingereza, watu wakachukua "school" wakapata skuli. Mtoto wa Tanga na mtoto wa Unguja wakibishana nani amesema sawa, wote wawili wanasema Kigiriki. Kabla ya hapo pwani ilikuwa na chuo, mahali pa kusomea Kurani, na neno hilo tumelihifadhi kwa elimu ya juu.

"Gymnasium" sitaieleza kwa urefu. "Gymnos" ni uchi, na vijana wa Kigiriki walifanya mazoezi wakiwa hivyo. Mwalimu wa michezo asilaumiwe kwa hili.

Njia ya Baghdad

Nimesema njia ni mbili, lakini hizo ni za kuelekea Uingereza. Kuja kwetu kulikuwa na njia ya tatu, wala haikupita Ulaya. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, wataalamu walikaa na vitabu vya Kigiriki wakavifasiri kwa Kiarabu. Aliyevuma kuliko wote ni Hunayn ibn Ishaq, Mkristo aliyekuwa tabibu, ambaye alifasiri vitabu vingi vya Galen, daktari mkuu wa Wagiriki. Maneno kadhaa yaliingia Kiarabu kwa mikono ya wafasiri hao na mengine yalikuwa yameingia mapema kwa biashara na dini. Kutoka Kiarabu yakavuka bahari na majahazi.

"Philosophia", kupenda hekima, ikawa falsafa. Philos yule yule wa Filipo! "Kanon", fimbo iliyonyooka ya kupimia, ikawa kanuni. "Kalamos", unyasi au tete lililochongwa la kuandikia, ikawa kalamu. Na "adamas", kitu kisichoshindika, jina la madini magumu kuliko yote, likawa almasi. Adamas hiyo hiyo ilipita Ulaya, ikachakaa njiani, ikatokea Uingereza ikiwa "diamond". Kwa hiyo almasi na "diamond" ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa nyumba mbili, na mwanamuziki Diamond Platnumz angeweza kujiita Almasi asibadilishe chochote.

Mashua za kushonwa

Lipo neno moja ambalo Wagiriki walililetea pwani yetu wenyewe. Katika karne ya 1 baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja aliyeishi Misri na kuandika Kigiriki alitunga mwongozo wa safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Jina lake halikuhifadhiwa, kitabu kipo. Anaiita pwani yetu Azania. Anaeleza mabandari yake moja baada ya jingine kuelekea kusini, na la mwisho analiita Rhapta, mahali penye pembe za ndovu kwa wingi na magamba ya kasa. Wachunguzi wengi wanaitafuta Rhapta katika pwani ya Tanzania, na bado wanaitafuta.

Anasema pia jina limetoka wapi: kwenye mashua zilizoshonwa. "Rhaptein" ni kushona. Wenyeji waliunga mbao za vyombo vyao kwa kamba, wasitumie msumari, na Mgiriki aliyezoea misumari alishangaa hata bandari akaiita kwa mshangao wake. Ufundi huo ulidumu. Mtepe wa Lamu, uliokuwa ukisafiri hadi karne ya 20, ulishonwa kwa kamba za makumbi na kupandishwa tanga la mkeka.

Sasa tazama hiyo rh. Kiingereza kina neno "rhapsody". Rhaptein unaijua, na "oide" ni wimbo. "Rhapsodos" kwa Wagiriki alikuwa mtu anayezunguka mijini akighani tenzi ndefu za Homer, mshonaji wa nyimbo. Baadaye watunzi wa muziki wakaliita "rhapsody" pigo lenye sehemu nyingi zisizofanana zilizoungwa pamoja. Mwaka 1975 bendi ya Queen ya Uingereza ilitoa wimbo wa namna hiyo hasa, "Bohemian Rhapsody": unaanza taratibu, unageuka opera, unalipuka roki, unamalizika taratibu tena. Aliyeutunga ni Freddie Mercury, naye alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946. Sijasoma popote kwamba aliwahi kuisikia Rhapta. Lakini mtoto aliyezaliwa kwenye pwani ya mashua za kushonwa ndiye aliyeutungia ulimwengu wimbo wa kushonwa, na mimi napenda kuwasimulia watu jambo hilo hata wasiponiuliza.

Mjusi wa asili

Mwaka 1842 Richard Owen, mtaalamu wa mifupa wa Uingereza, aliwatungia wanyama fulani wakubwa wa kale jina moja. Alichukua "deinos", wa kutisha, na "sauros", mjusi. Ndiyo "dinosaur". Tangu hapo kila anayechimbua mfupa hutafuta sauros ya kuunga mwishoni.

Kilima cha Tendaguru, Lindi, kilitoa mifupa mingi sana kati ya 1909 na 1913. Wajerumani walisimamia uchimbaji, Waafrika wakachimba na kuibeba mizigo kwa miguu hadi bandarini. Mmoja wa wanyama hao alikuwa na miiba mirefu mgongoni na mkiani; mwaka 1915 akaitwa Kentrosaurus, kwa "kentron", ncha kali. Mwingine, mkubwa kupita wote, amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Kwa miaka mingi aliitwa Brachiosaurus, mjusi wa mikono, kwa sababu miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma. Siku hizi wataalamu wengi humwita Giraffatitan. Titan ni majitu ya hadithi za Kigiriki. Giraffa ni twiga, nayo ilitoka katika Kiarabu.

Mnyama ninayempenda mimi si mkubwa, na kwa hesabu za wataalamu si dinosaria kamili bali ni jamaa yao wa karibu. Mifupa yake ilipatikana kusini mwa Tanzania, katika bonde la Ruhuhu, naye aliishi karibu miaka milioni 240 iliyopita. Alipotangazwa mwaka 2010, waliompa jina hawakwenda kwa Wagiriki peke yao. Walimwita Asilisaurus kongwe. Sauros ya Athens imeungwa na asili yetu, na kongwe imewekwa nyuma bila kuguswa. Mtaalamu wa Japani au Argentina akiandika habari za mnyama huyo analazimika kuandika Kiswahili.

Vibao vya mbugani

Ukienda mbuga ya wanyama au makumbusho, chini ya jina la kawaida la mnyama utaona jina la kisayansi lililoandikwa kwa herufi za mlazo. Watu wengi hulipita. Hapo ndipo pa kutoa kisu.

Kifaru huwa "rhinoceros" kwa Kiingereza: "rhis" ni pua, "keras" ni pembe. Hilo lilikuwa rahisi. Ukiongeza tatu mwanzoni na uso mwishoni utampata "triceratops" bila msaada wangu.

Popo na jamaa zake wote huitwa Chiroptera. Pteron unayo kutoka kwenye helikopta. Ch ni ya pumzi, isome k. "Cheir" ni mkono. Chunguza picha ya mifupa ya bawa la popo, hesabu vidole.

Twiga ni Giraffa camelopardalis. Wagiriki, watu wale wale walioona farasi ndani ya kiboko, walitazama shingo ndefu wakasema ngamia, walitazama madoa wakasema chui, wakaunga. Twiga wetu, kwa Kigiriki, ni ngamia-chui.

Nguruwe pori ni Potamochoerus. Nusu ya kwanza ulipewa kwenye ukurasa wa mwanzo wa sura hii. Nusu ya pili, "choiros", ni nguruwe. Basi ngiri, yule mwenye pembe za meno na vinundu usoni anayekimbia mkia juu, ni Phacochoerus. Choiros umeshapewa sasa hivi, ph unajua inavyosomeka, na "phakos" ni chunjua.